Maziwa Ndani ya Motokaa

Siku hizi ukipita Sakina utamkuta fundi amelala chini ya gari kuukuu. Ukimwuliza, anasema gasketi ya kichwa cha injini imeungua, halafu anaendelea kutafuna hindi lake. Neno hilo halimshtui. Mimi linanishtua mpaka leo. Wakati wa Mjerumani, upande wetu wa Meru kulikuwa na motokaa moja tu, na gasketi yake ilipoungua nusura nifungwe mnyororo mimi, mwanamke ambaye sikujua hata chombo kile kinafunguliwa wapi.

Nilikuwa mke mdogo. Niliolewa na mtu mwenye mke tayari, na huyo mke mwenzangu mkubwa alinipokea vizuri mbele ya watu. Mbele ya watu, nasema. Kazi niliyopewa ilikuwa kupeleka maziwa kila asubuhi kwa mzungu mwenye shamba la kahawa chini yetu. Mume wangu alikuwa amepatana naye: sisi tunampa maziwa, yeye anaacha ng'ombe wetu wapite shambani kwenda mtoni. Njia hiyo ilikuwa yetu kabla yake, lakini hilo si la leo.

Motokaa mzungu aliinunua kwa mzungu mwenzake wa Moshi, ikiwa imeshachoka. Ililetwa kiangazi, mito ikiwa chini, na kwenye mchanga mzito ilivutwa na maksai. Ilipofika, wanawake tuliitwa tuibariki. Kwetu anayeingia upya, awe bibi harusi, awe ndama wa kununua, ananyunyiziwa maziwa kwa majani mabichi. Basi tukachovya majani, tukanyunyiza magurudumu, tukanyunyiza na ile pua yake ya shaba. Mzungu alicheka mpaka akashika tumbo. Fundi wake hakucheka. Alikuwa mtu wa Tanga, aliyewahi kufanya kazi ya reli, na alivaa kofia nyeupe ambayo sijui aliifuaje katika vumbi lile. Alichukua kitambaa akafuta maziwa yetu. Akaniangalia mimi, si wenzangu.

Haukupita muda gari likaanza kiu. Likipanda kidogo tu kuelekea Ngaramtoni linachemka, na nyuma linatoa moshi mweupe kama nyumba inayopikiwa kwa kuni mbichi. Linajazwa maji leo, kesho maji hayapo. Ukichungulia chini yake, ardhi kavu. Hapo kila mtu akaanza kumtazama mwenzake. Wachota maji wa shamba walisema fundi anayamwaga ili aonekane ana kazi. Fundi alisema wachota maji wanaleta debe nusu. Mzungu alisema wote wezi, akamfunga mbwa wake kwenye gurudumu. Mbwa akalala pale, na maji yakaisha vilevile.

"Linakunywa," mume wangu alisema.

"Linakunywa lisikojoe?" mke mwenzangu akajibu. "Kuna mtu hapo."

Asubuhi moja nilifika na maziwa yangu nikamkuta fundi yuko chini ya gari, mzungu amesimama juu yake. Kule chini kulikuwa na bomba dogo la kupimia mafuta ya injini. Siku zote yakitoka yalikuwa meusi. Siku hiyo yalitoka meupe, mazito, kama maziwa yaliyotikiswa yakakaribia kuwa siagi. Na mimi nimesimama pale pale, kibuyu mkononi.

"Hii nini?" mzungu akauliza.

Fundi alichovya kidole, akakipangusa gotini. "Sijui, bwana. Mafuta si haya."

"Mimi najua." Akanigeukia. "Maziwa. Wewe tia maziwa ndani ya motokaa yangu."

"Maziwa yako haya hapa," nikasema. "Gari lako sijalinywesha."

"Siku ile wewe tupa maziwa. Mimi naona."

"Siku ile tulibariki. Na wewe ulicheka."

Vibuyu vyetu tunavisafisha kwa kijinga cha moto cha mti tunaouita oloirien, na maziwa yaliyokaa humo lazima yanuke moshi wake. Nikamwambia anuse huo weupe. Kama ni maziwa yangu, atasikia moshi. Nilidhani nimejiokoa. Alinusa, akatabasamu vibaya. Kumbe kila kilichokaa tumboni mwa gari lile kilinuka moshi.

"Moshi," akasema. "Wewe mwenyewe sema."

Nilimtazama fundi aseme neno. Alikuwa anapangusa spana iliyokwisha kuwa safi. Kibuyu changu kikachukuliwa kiwe ushahidi. Nikaambiwa kesho askari anakuja kutoka boma, na nisipoeleza kwa nini nimefanya, nitakwenda naye kwa mnyororo.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imefika kabla yangu, sijui kwa miguu ya nani. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mke mwenzangu amesimama nyuma.

"Ulilitia maziwa?" mume wangu akauliza.

"Sikulitia."

"Mwenzako anasema alikuona."

Nikamgeukia. "Uliniona nini?"

"Nilikuona juzi umeinama mbele ya gari, mdogo wangu," akasema, kwa sauti ya upole kabisa. "Sisemi ulikusudia ubaya. Pengine uliliona lina kiu ukalionea huruma. Sisi tunakujua una huruma."

"Nilikuwa naokota kifuniko cha kibuyu."

"Njia yote ile, kifuniko kikachagua kuangukia mbele ya gari?"

"Kiliangukia pale kilipoangukia."

Mume wangu alifikiri. Alikuwa mtu mwema, apendaye mambo yaishe upesi. Akasema nikubali tu. Nimwambie mzungu nilitia kwa baraka, kwa kutojua, na yeye mume wangu atampelekea mzungu dume la mbuzi, yaishe.

"Nikikubali, gari litapona?" nikamwuliza.

"Nitajuaje?"

"Lisipopona, kesho kutwa nitakubali nini tena?"

Jioni ikafika. Nikaenda kukamua. Mikono inakamua, kichwa kinazunguka. Mke mwenzangu alikuwa na shughuli gani huko kwa mzungu, hata akaniona nimeinama? Kuni zake huokota upande wa juu, mlimani. Nikaanza kuamini kwamba maziwa yamo kweli ndani ya gari, na aliyeyatia ni yeye, ili niondoke. Nilimpelekea maziwa ya watoto wake kama kawaida. Aliyapokea, akayanusa kwanza. Hata hilo nililiona.

Asubuhi tukashuka. Askari alikuwa Mnyamwezi mrefu, mnyororo ameutundika begani kama mtu anayepeleka bidhaa sokoni. Mume wangu alikuwa nami. Mke mwenzangu naye alikuja, hakuitwa. Mzungu akamweleza askari yote: weupe, kibuyu, siku ya kubariki.

"Haya mama, ulitia?" askari akaniuliza.

"Sikutia. Na kama maziwa yamo, nataka niyaone. Lipasueni."

"Lipasuliwe gari?"

"Kwetu ng'ombe akifa ghafla hatukamati mtu kwanza. Tunampasua. Tunaangalia ini, tunaangalia matumbo, kama alikula jani baya tunalikuta. Ndipo mtu anatajwa. Hili halijapasuliwa, na mnyororo umeshafika."

Askari akacheka kwa sauti. "Bwana, anasema kweli. Nikimfikisha boma nitaulizwa, maziwa yako wapi? Nitaonyesha nini, kibuyu? Kila mwanamke wa huku ana kibuyu."

Mzungu hakupenda. Alisema kati ya kichwa cha injini na mwili wake kuna kipande chembamba, na kikichanika wakati wa kufungua hana kingine. Kingine kiko Tanga.

"Kweli kabisa, bwana," fundi akadakia. "Tusifungue."

Alisema haraka mno. Mzungu akamwangalia, nami nikaona shaka yake imenitoka mimi kidogo ikatua kwenye ile kofia nyeupe.

"Fungua," akasema.

Fundi alifungua bolti moja moja, akizipanga juu ya gunia. Kichwa kiligoma kutoka. Akakigonga kwa kipande cha mti, pembeni, pembeni, mpaka kikaachia kwa mlio kama wa ngozi mbichi inapobanduka kwenye nyama. Wakakinyanyua wawili. Sote tukainama, na askari pia.

Maziwa hayakuwamo. Kulikuwa na matundu makubwa manne ambamo moto huwaka, na matundu madogo ya kupitisha maji. Juu yake kimelala kile kipande chembamba, ndiyo gasketi, utando wa shaba wenye nyuzi nyeupe ndani. Kazi yake ni kutenga moto na maji, kama sisi tunavyotenga ndama na mama zao. Mahali pamoja ulikuwa umeungua. Mstari mweusi ulitoka tundu la maji ukaingia tundu la moto, mwembamba kama wa kuchorwa kwa kaa. Matundu matatu yalikuwa meusi kwa masizi. Hilo moja liling'aa, limeoshwa na mvuke, na chini yake yametuama maji.

Fundi alibanwa ndipo akaeleza, kwa vipande. Maji yanaingia hapa. Mengine yanachemka na moto na kutoka nyuma, ndio ule moshi mweupe. Mengine yanateremka kwenye mafuta, injini inayapiga pamoja, yanageuka meupe.

"Kwa hiyo ni maji," askari akasema.

"Maji na mafuta."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hamna."

Mzungu alipitisha kucha kwenye ule mstari. "Hii ungua lini?"

"Zamani, bwana. Tangu Moshi."

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Siku bwana alipokuwa na homa, gari kabla halijaanza kiu, wewe ulikwenda Ngaramtoni peke yako na gari," nikamwambia. "Nilipishana nawe unarudi. Lilikuwa linanuka chuma cha moto, na debe lako la maji lilikuwa linagongagonga tupu."

"Mama wee, umeshatolewa kwenye maziwa, unataka nini tena?"

"Nataka uniambie jana ulikuwa unapangusa nini kwenye ile spana."

Akainamia bolti zake. Mzungu tangu hapo alisimama juu ya fundi yule mpaka kazi ikaisha, na yule mbwa alitolewa kwenye gurudumu akafungwa mlangoni kwa fundi. Kama fundi alijua tangu mwanzo akaniacha niende na mnyororo, au alikuwa anaogopa tu, sijapata kujua. Mimi nasema alijua.

Askari aliuzungusha mnyororo akaurudisha begani. "Sasa hayo maziwa yenyewe yako wapi? Nimetembea tangu alfajiri." Akaletewa ushahidi wake, akaunywa wote, ingawa ulikuwa umeganda, akanirudishia kibuyu.

Samahani sikupewa. Mzungu aliniambia, "Wewe nenda. Kesho leta maziwa."

Matengenezo niliyaona kidogo, nilipokuwa napita na mifugo. Tanga hakutumwa mtu. Fundi alikata birika kuukuu la shaba la mzungu, akalikunjua na kuligonga likawa bapa, akalitia motoni mpaka likawa jekundu, akalitumbukiza majini likatoka laini. Akachora juu yake kwa kufuata ule utando ulioungua, tundu kwa tundu. Akakwangua nyuso zote mbili za chuma, akazisugua mpaka zikalala sawa. Bolti alianza kukaza za katikati, akavuka ng'ambo, akarudi, kidogo kidogo, na sisi ngozi ya ng'ombe tunaiwamba chini hivyo hivyo, vinginevyo inakunjamana. Aliliwasha likapata joto, likapoa, akakaza tena. Ule weupe aliumwaga wote shimoni. Baada ya hapo mafuta yalitoka meusi, na maji yaliyotiwa leo yalikutwa kesho.

Gari likapona. Nyumbani bado.

Jioni ya siku ile ya kufungua, nilimwambia mume wangu mbele ya mke mwenzangu, "Maziwa ya mzungu mimi sipeleki tena. Apeleke aliyeniona nimeinama."

"Mimi magoti yananiuma," mke mwenzangu akasema. "Kule ni mbali."

"Siku uliyoniona hayakukuuma."

Mume wangu akageuka kwenye kigoda chake, taratibu. Swali nililokuwa nalo tangu jana akaliuliza yeye. "Kwani ulikuwa unafanya nini kule?"

"Kuni."

"Kuni ziko juu."

Mke mwenzangu akainuka. Akachukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokuwa pamefagiliwa. Mume wangu hakuuliza tena. Niliwaambia, alipenda mambo yaishe. Akasema tu, "Kesho utapeleka wewe."

Akapeleka. Mzungu naye alikuwa ameweka sheria mpya: mwanamke anayeleta maziwa asimame mbali na gari, na anywe kwanza mwenyewe, yeye akitazama. Kila asubuhi mke mwenzangu alikunywa mbele ya mzungu, mbele ya fundi, mbele ya mbwa. Alichokuwa anakifanya kule siku ile hakukisema, na tumeishi naye mpaka akazeeka, tukazika pamoja mume, tukabatizwa siku moja. Nilimheshimu kama mkubwa wangu. Chakula chake nilikula akishaanza yeye. Na ng'ombe wangu, tangu jioni ile, niliwakamua nimeelekea mlango wake, nimwone akitoka.