Mwanamke Aliyepanda na Nondo

Sina faida yoyote katika kusema haya. Wanjala, niliyekuwa naye, yuko hai, na ukimuuliza atakwambia vilevile, ingawa atataka mzungumze jua likiwa bado linawaka.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mimi na Wanjala tuliajiriwa kufuatilia wadudu. Mwaka hadi mwaka tulizunguka mashamba yaleyale, kuanzia Bungoma, tukapitia Lugulu na Kiminini, hadi Kitale huko juu. Giza likiingia tulitundika shuka jeupe, tukawasha taa mbele yake, na nondo wakaja. Dundu tuliwanasa kwa makopo tuliyofukia ardhini. Tuliwatambua, tukawahesabu, tukawaachilia. Wakubwa wetu walitaka kujua viumbe hao watafanya nini joto likiongezeka, na jibu lilianza kuonekana polepole: walikuwa wanahama. Kuna nondo wa kahawia, mwenye doa kama jicho kwenye bawa, aliyejaa Bungoma tulipoanza. Akapungua huko, akaanza kutokea Lugulu.

Mwanamke yule tulimwona kwanza Bungoma. Alitoka upande wa mahindi, amejifunga leso kichwani, akasalimia, kisha akauliza kama hapo kuna baridi. Wanjala akacheka, akamwambia Bungoma na baridi wapi na wapi. Akaenda zake. Tulidhani ni mtu wa boma lile, lakini wenyewe walisema hawamjui.

Msimu mwingine tukamkuta Lugulu. Leso ileile, swali lilelile. Safari hii nilimtazama vizuri. Alikuwa amesimama kati ya taa na shuka, na shuka lilibaki jeupe. Unanielewa? Kivuli cha Wanjala kilikuwa pale, kikubwa kama mlango. Chake hakikuwepo. Na nondo walikuwa wameiacha taa, wametua mabegani mwake.

Asubuhi nikamweleza Mama Naliaka, mwenye shamba. Hakushtuka. Alisema alikozaliwa yeye, karibu na Bungoma, palikuwa na jirani wa namna hiyo.

"Alikufa na homa," akasema. "Alilia ati anaungua, afunguliwe mlango. Watu waliogopa upepo, wakafunga. Akikuuliza kitu, wewe nyamaza tu."

Nilimsikia. Lakini mtu wa kazi ya vipimo husikia mambo kama hayo akayaweka kando.

Kiminini alikuja mapema, mbingu bado nyekundu. Wanjala alikuwa ameenda kuchota maji. Mwanamke alionekana amechoka, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo mgongoni.

"Baba, kwenu ni wapi?"

Nikamwambia ni Kibomet, pale Kitale.

"Na huko kuna baridi?"

Ungefanya nini wewe? Mtu mzima, amekuita baba, anauliza kwa adabu. Nikasema ndiyo, huko tunajifunika blanketi mbili.

"Asante," akasema. "Nimetembea sana."

Akaishika barabara ya kwenda juu, na nondo wenye doa wakabanduka kwenye shuka wakamfuata. Wanjala aliporudi alinikuta nimekaa chini, naitazama barabara ile.

Nilipofika nyumbani, mke wangu Mwajuma aliniuliza ni mgeni gani niliyemtuma. Hakuwa ameona mtu, ila sauti ya mwanamke ilisema mlangoni kwamba baba amemwelekeza. Alichojua ni kwamba mlango aliokuwa ameukomea ulifunguka, na chumba cha nyuma kikapoa kama kisima. Tuliita wa kutusomea dua. Alisoma vizuri, akala, akaenda zake, na baridi ikabaki. Mlango wa chumba kile tukiufunga jioni, asubuhi tunaukuta wazi. Mwishowe tuliacha kuufunga. Ukutani nondo wale wametulia, hawahitaji taa. Mwajuma hulala kwa dada yake, na watoto wamekwenda naye. Mimi nimebaki, kwa sababu ndimi niliyemkaribisha.

Sasa Kitale nako kumeanza joto. Majirani wanalala madirisha wazi, na wiki hii niligusa ukuta wa chumba kile, nikauona umeanza kupata uvuguvugu. Najua maana yake. Atatoka, na atapanda tena, kuelekea mlimani. Basi wewe unayeishi huko juu, mgeni wa jioni akija, mpe maji, mpe na kiti apumzike. Lakini akikuuliza kama kwenu kuna baridi, usimjibu.