Bwana yangu alikuwa anangojea Furaha

Leo asubuhi bwana yangu alipotea hapa Masisi. Sasa iko muzee, anasahau hata njia ya nyumba.

Nilimutafuta kila fasi, roho juu juu.

Nikamukuta mu duka ya kuuzisha simu.

Mu miaka ya hamsini pale palikuwa nyumba ya kahawa, njo pale tulijuana. (Taa ya petroli, kahawa ya moto, na kucheka mupaka wanatufukuza!)

Nikavuta kiti ya karibu yake.

"Samahani, Mama," akaniambia, "kiti hii iko na mwenyewe. Ninangojea Furaha. Amechelewa, naogopa."

Jamani, Furaha njo miye!

Nyinyi mungemujibu nini?

Miye nilikamata kiti ingine, nikamungojea Furaha pamoja naye.