Kizibo Nilikuwa Nacho Mimi

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Mwanza kwenda nyumbani Bariadi, basi letu likapata pancha karibu na Nassa. Kondakta alituambia tutakaa hapo saa nzima, kwa hiyo nikawaacha wenzangu wakinung'unika kivulini, nikatembea mpaka ziwani. Nikakuta watu wanaingiza mtumbwi mpya majini. Aliyekuwa akiwaamrisha wanaume wote wale, amesimama ndani ya mtumbwi, simu kaibana kwa bega, alikuwa mwanamke. Mtumbwi ulikuwa wake na kelele zote zilikuwa zake. Nilikaa kwenye mchanga na gauni langu la safari. Najua utaniuliza kuna nini hapo cha kumkalisha mtu mzima chini. Ngoja nikueleze, ila usinicheke mapema.

Mimi nimelelewa na bibi, mama yake baba, kijijini nje kidogo ya mji wa Bariadi. Pale nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mimi, na baba mdogo, kitindamimba wa bibi, ambaye alikuwa hajaoa. Baba mdogo alikuwa seremala. Vitanda vya nusu ya kijiji, milango, madawati ya shule na majeneza, vyote vilipita mikononi mwake. Aliniita mayu, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yake, na kwa sababu hiyo hiyo hakuwahi kunichapa hata siku moja. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na bado nampenda.

Sasa, pamba ilitugomea misimu miwili mfululizo. Baba mdogo akaenda ziwani kuuza viti, akarudi na kamba iliyojaa mafundo. Alikuwa amepima mtumbwi wa watu: fundo hili urefu, fundo lile upana, fundo jingine kina. Jioni, tukiwa tunakula ugali na maziwa ya mgando, akamwambia bibi kwamba atatengeneza mtumbwi wake awe mvuvi. Bibi alitazama mlango, akatazama uwanja wetu mkavu, akauliza maji yako wapi.

Ili apate mbao na misumari, aliuza maksai wetu. Walikuwa wawili, ndio waliobaki, na ndio waliotulimia na kutuvutia mkokoteni wa maji. Bibi alilia siku ile huku akiendelea kukata viazi vya kukausha michembe, hakuacha kisu hata mara moja.

"Samaki wakikataa, tutalimia nini?" akauliza.

"Tutavua, mama. Nitakurudishia maksai, na dume juu yake."

Basi ukae ukijua hivyo. Ule mtumbwi haukuwa mtumbwi tu. Ulikuwa maksai wetu, na shamba letu, na neno alilompa mama yake.

Aliutengeneza pale pale uwanjani, siku nzima ya safari kutoka kwenye maji. Watu walikuja kutazama, wengine kutoka hata upande wa Malampaka, wakauzunguka na kuondoka wakitikisa vichwa. Jirani yetu mmoja alipita kila asubuhi akienda kuchunga, akasimama pale njiani na kusalimia, "Mwangaluka," na kabla hujaitikia ameshauliza, "Umeshavua?" Baba mdogo alimjibu kila siku kwamba leo samaki wamegoma. Kuku wa bibi waliutwaa upande wa mbele wakataga humo, na mimi nilitumwa kuokota mayai ndani ya mtumbwi, jambo ambalo nadhani hakuna mtoto wa ziwani aliyewahi kulifanya.

Nyufa kati ya mbao tuliziba kwa pamba yetu wenyewe, ile iliyokuwa mbaya mno kuuzwa, ikachanganywa na mafuta ya ng'ombe. Baada ya hapo tulijaza mtumbwi maji tuone wapi panavuja. Maji yenyewe tuliyabeba kichwani, maana wa kuvuta mkokoteni tulikuwa tumewauza. Mimi nililala chini ya mtumbwi na kipande cha mkaa, na kila tone lilipojitokeza niliweka alama. Nilitoka humo uso mweusi na nywele zimelowa, baba mdogo akacheka, akaziba palipo na alama, tukajaza tena.

Ili maji hayo yaweze kutoka, alikuwa ametoboa shimo kwa keekee, chini kabisa, upande wa nyuma. Akachonga kizibo cha mti wa mkwaju, kirefu kama kiganja changu, tukakizungushia pamba. Kukitia na kukichomoa ilikuwa kazi yangu. Nikikichomoa maji yalikimbilia kwenye mchicha wa bibi, naye kwa mara ya kwanza akaonekana kuridhika na mambo ya uvuvi.

Siku ya siku ikafika. Jamaa mmoja wa mjini, ambaye kitanda chake cha harusi kilitoka kwetu, alituazima trekta na tela. Tulipakia mtumbwi alfajiri. Baba mdogo akachomoa kizibo, akasema barabara ina mashimo, kitaruka kipotee, akanipa mimi.

"Kishike, mayu. Tukifika utakipiga mwenyewe. Mimi nitakushikia mtumbwi usikukimbie."

Nilikibana kwa mikono miwili njia nzima. Bibi alinipa karanga, nikakataa kwa kuwa sikuwa na mkono mtupu wa kuzipokelea. Sijui kama nimewahi kuwa mtu muhimu kiasi kile tena maishani.

Mwalo wa Nassa, pale mitumbwi inapoegeshwa, ulinuka dagaa waliotandazwa kukauka mpaka macho yaliniwasha. Ziwa lilinitisha. Sisi ni watu wa ng'ombe, maji tunayajua yakiwa kwenye ndoo. Mzee wa mwalo alitupokea vizuri, akatusalimia, akaukagua mtumbwi na kuusifu, akamwazima baba mdogo nyavu na vijana watatu wa kumwonyesha kazi. Kisha akamgeukia bibi kwa heshima kabisa.

"Mama, wewe na mjukuu mtabaki kule kwenye vichanja vya dagaa. Chombo kipya kikiingia majini mwanamke hasogei karibu. Ndivyo tulivyokuta."

"Wabeja," bibi akashukuru, akanishika mkono, tukaenda.

Hapo ndipo nilipotakiwa kupiga kelele. Lakini mtoto aliyelelewa na bibi yangu hakupiga kelele ugenini. Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, kizibo ninacho mimi."

"Najua alikuahidi. Utakipiga siku nyingine. Tuko kwa watu."

"Bibi, shimo liko wazi."

"Wenye ziwa lao si wale pale? Unadhani shimo hawalijui?"

Hawakulijua. Mitumbwi yao haikuwa na shimo, na letu lilikuwa limefunikwa na mbao za kukanyagia, na juu yake nyavu. Aliyelijua alikuwa baba mdogo, na yeye wakati ule kila mtu alikuwa akimwamrisha: shika huku, sukuma kule, panda sasa. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la kanisani. Nilimwona akigeuka mara moja kutafuta kitu kwa macho, kisha mtu akamvuta mkono apande. Miaka yote nimejiambia kwamba alikuwa akinitafuta mimi. Huenda alitafuta viatu vyake.

Waliimba, wakasukuma, mtumbwi ukaingia majini kwa upole, nao vijana watatu wakapiga kasia. Maji yalipoanza kuingia hawakujali. Wavuvi walikuwa wameshamwambia baba mdogo mapema kwamba chombo kipya lazima kinywe kwanza, mbao zikivimba kitashiba na kuacha. Kijana mmoja akachukua dumu lililokatwa akaanza kuyatoa, huku wenzake wakimtania. Niliona kutoka kule kwenye vichanja jinsi upande wa nyuma ulivyokuwa ukishuka kidogo kidogo, na nikajua, maana ule mtumbwi nilikuwa nimelala chini yake.

Nilimng'ata bibi mkono. Nasema bila kuficha, nilimng'ata bibi yangu mwenyewe, akaniachia, nikakimbia juu ya dagaa wa watu mpaka majini. Mwanamume mmoja akanidaka kiunoni na kuninyanyua juu, akawa ananigombeza kwamba nakitia chombo nuksi. Sikuweza kusema. Nilinyoosha tu mkono wenye kizibo, na mzee wa mwalo ndiye aliyekiona. Alikitazama, akatazama ziwa, uso wake ukabadilika.

Alivua kofia akaanza kuipunga. Wote pale wakapunga, wakaita, lakini upepo ulikuwa unatupulizia sisi usoni na kurudisha maneno nyuma yetu. Kule kwenye mtumbwi baba mdogo akaona ufukwe mzima unampungia, na mimi nimenyanyuliwa juu ya watu wote na mkono wangu hewani. Akasimama. Akanipungia mikono yote miwili, kwa furaha, kwa muda mrefu, maji yakiwa yameshafika kwenye magoti yake.

Halafu mtumbwi ukalala ubavu.

Wale vijana watatu waliogelea. Baba mdogo alining'inia kwenye mtumbwi uliojaa maji, shati jeupe likionekana na kupotea. Makasia ya mitumbwi iliyokuwa ufukweni yalihifadhiwa nyumbani kwa watu, ikabidi yakimbiliwe, na sisi tukasimama. Hakuna la kufanya ukiwa umesimama hivyo. Bibi alinishika kwa mkono ule ule niliomng'ata, na hakunilaumu. Walimfikia akiwa hai. Mtumbwi waliuacha kwa muda wamlete kwanza, na upepo ukauchukua ukaupigiza kwenye mawe upande wa pili, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ukafunguka. Mbao zake baadaye zilichomwa kukaushia samaki.

Akiwa bado anatapika maji kwenye mchanga, mzee wa mwalo akauliza nani alikuwa na kizibo. Watu wakanitazama mimi.

"Nilimpa mtoto anishikie," baba mdogo akasema. "Nikasahau kumwomba."

Mwaka ule tulilima kwa jembe la mkono, watatu, shamba ambalo maksai walikuwa wakilimaliza bila hata kutoa jasho. Yule jirani alipita asubuhi akasalimia na kwenda zake bila kuuliza kitu. Nilitamani aulize. Lakini maneno yakaanza kuja kutoka kwingine: kwamba chombo kilizama kwa sababu ya mtoto wa kike, kwamba nina mkosi, kwamba hata pamba labda ni mimi. Kisimani wenzangu wakaanza kuniachia nafasi kubwa. Siku moja baba mdogo aliyasikia kwa masikio yake. Tangu siku hiyo akabadilisha kisa. Akawaambia watu kwamba mtoto hakuhusika kabisa, kizibo alikiacha nyumbani juu ya meza kwa upumbavu wake, na mtoto mwenyewe hata hakwenda ziwani. Bibi hakumkanusha, na mimi sikumkanusha.

Wakampokea kwa vicheko. Akawa yule seremala aliyejenga mtumbwi nchi kavu akasahau kuuziba. Alisimuliwa kwenye harusi, kwenye ngoma, kwenye mnada wa ng'ombe, na kila aliposimuliwa alicheka pamoja nao na kuongeza chumvi. Mimi nikasahaulika humo, nikasoma, nikaenda sekondari Maswa nikipanga chumba Nyalikungu, nikaolewa, nikawa mtu mwenye heshima zake. Kila likizo nilijiambia safari hii nitakaa naye nimwambie. Nitamwambia kwamba ningeweza kukimbia mapema. Nitamwomba msamaha wa lile shati jeupe na maksai. Nikifika, tunakula, tunacheka, likizo inaisha.

Siku hizi kumbukumbu zinamtoroka. Nilipofika nyumbani mwezi ule uliopita, nikiwa bado na mchanga wa Nassa kwenye viatu, nilimkuta amekaa kwenye kiti ukutani. Alinitambua, nikashukuru. Nikamwambia nimemwona mwanamke akiingiza mtumbwi wake majini, wanaume wakimtii. Alifurahi sana. Akaanza kunisimulia kisa chake, mwanzo mpaka mwisho, kamba yenye mafundo, kuku, keekee, na kizibo alichokiacha juu ya meza.

"Baba," nikamwambia, "hukukiacha nyumbani. Nilikuwa nacho mimi. Nilisimama pale ufukweni, na wewe ukanipungia mikono miwili."

Alinitazama kwa makini, akitafuta. Nilisubiri. Bibi alikwishafariki, mzee wa mwalo bila shaka naye, na vijana wale sikuwahi hata kuwajua majina. Aliyeniona siku ile pale ufukweni, na anayeweza kunisamehe, alikuwa amebaki yeye peke yake.

"Hapana, mayu," akasema kwa upole, na akanipapasa mkono. "Nani kakuambia? Wewe hukuwepo."

Alisema kwa uhakika kabisa, kama alivyowaambia watu miaka yote ili waniache. Nikamjibu kwamba ni kweli, sikuwepo, nikaingia ndani kumchemshia uji.