Fundi Anayekataza Nyufa Zisizibwe

Mvua ya asubuhi imekatika, na fundi mwashi huyu amepiga magoti chini ya dirisha la jirani. Anakoroga plasta ndani ya kopo la rangi, anaichota kwa mwiko na kuibandika ikatize ufa bila kuuziba, kipande chembamba chenye upana wa kiganja.

"Hiki kikikatika usinisubiri mimi, mama," anamwambia mwenye nyumba. "Beba watoto, shukeni."

Mtaa umekaa kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Mvua ikinyesha mfululizo, udongo hunywa maji, huwa mzito, kisha huanza kuteleza taratibu, kimyakimya. Plasta ikishakauka haina uvumilivu: ukuta ukisogea kidogo tu, inakatika.

Kwa sababu hiyo majirani wamembatiza Mama Ufa. "Bora Mama Ufa kuliko marehemu," anacheka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukimuuliza yeye, wahenga hao hawakuishi mlimani.

Mwaka jana kaka yake mkubwa, anayeishi juu kabisa katika nyumba ya wazazi wao, alikuwa anamwoza binti. Akaona haya wakwe wakute kuta zimepasuka. Alikwangua plasta zote za dada yake, akaziba nyufa, akapaka rangi. Nyumba ikapendeza kweli. Wiki ileile chumba cha nyuma kiliporomoka, na mkewe akatolewa kwenye kifusi mguu umevunjika.

"Nilimkasirikia, nisikudanganye," anasema fundi. "Lakini wageni wangekuwa wangu, labda hata mimi ningepaka."

Tangu hapo amebandika plasta nyingine kule juu, na anajenga chumba kwenye kiwanja chake tambarare, kando ya barabara, kwa ajili ya kaka na wifi yake. Kaka hataki kusikia. Kila akiambiwa ahame, anauliza nani atabaki na nyumba ya baba.

Leo, nyumba ya mwisho kukaguliwa ni hiyo. Kaka amesimama mlangoni, hasalimii.

"Imekatika," anasema. "Sijaigusa."

Nyuma yake godoro limeshafungwa kamba, na wifi ameshika mikongojo yake.

"Chumba chako kina mlango, mdogo wangu?"

"Bado, kaka."

Fundi anaweka kopo chini. Ndoto yake, alisema tulipokuwa tunapanda, ni mtaa mzima ushuke mpaka yeye akose kazi. Sasa anainamia godoro, anashika upande mmoja.

"Mlango utakuja," anamwambia. "Wewe shuka."