Tatu Aliondoka na Mizizi

Usiku ule wa kuamkia usaili wa kazi nililala sebuleni kwa shangazi, Dodoma, simu nimeizima na kichwa kimejaa vipande vya maneno ya Kiingereza. *Sub* ni chini. *Pre* ni kabla. *Trans* ni kuvuka. Kuvuka nini, sikujua, na hilo ndilo lililokuwa linaniudhi.

Chuoni tulikuwa tunagawana. Wewe soma nusu hii, mimi nusu ile, tukikutana kwenye diskasheni tunafundishana. Mimi na Tatu, mwenzangu wa chumba, tulipoanza kujiandaa na mitihani ya Kiingereza ya kuombea kazi, nilichukua viambishi, vile vipande vya mwanzo wa neno. Yeye akachukua mizizi, kile kiini cha neno kinachobeba maana. Nikimuuliza neno gumu alikuwa ananijibu bila kufungua kitu chochote. Kisha, kabla hajanifundisha nusu yake, akaugua homa, tukamzika kwao Korogwe. Nikabaki na vichwa visivyo na viwiliwili. Nilijaribu kuisoma ile mizizi peke yangu, haikukaa. Nilikuwa najisikia kama nachukua kitu cha mtu bila ruhusa.

Jioni ile mama alikuwa amepiga simu. "Nenda kwa amani, mwanangu. Hata ukikosa..." Nikakata. Kwa nini aanze na kukosa? Ina maana ananiona nitakosa? Ameambiwa na nani? Niliichambua ile nusu sentensi mpaka usingizi ukanichukua.

Nikafungua macho, nikaona dari si ya shangazi. Ni mbao za kitanda cha juu, hosteli, na miguu ya Tatu inaning'inia, kandambili moja ya bluu, nyingine ya njano, kama kawaida yake. Sikuogopa. Nilikasirika.

"Tatu, shuka. Nipe mizizi yangu."

"Umekula?"

"Usaili ni kesho!"

"Nimekuuliza umekula, Rehema."

Na tayari tuko jikoni kwao Korogwe, sijui tumefikaje. Tatu amekaa kwenye kigoda, ungo wa dagaa mapajani, anachambua. Kila dagaa anamvunja kichwa, na vichwa anavitupia kwenye sketi yangu, ile nyeusi niliyoipigia pasi kwa ajili ya usaili.

"Shoga, sketi yangu!"

"Si ulichagua vichwa mwenyewe?" Anacheka kile kicheko chake cha puani.

"Nakuomba basi. *Spect* ni nini? *Duct* ni nini?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Ilikuwa nusu yako!"

"Sikuisoma."

Hata moto ukaacha kulia.

"Hukuisoma?"

"Ningesoma saa ngapi, bibi wewe? Usiku kucha *sub, sub, sub*, kama pikipiki iliyogoma kuwaka."

"Na ulivyokuwa unanijibu?"

"Nilikuwa nasoma sentensi mpaka nukta. Ukifika mwisho, neno unaliona lilivyokaa. Wewe huna subira. Ukikutana na neno gumu unasimama hapo hapo, unalikatakata."

Nilitaka kumpiga. Muda wote huu namlilia mtu pamoja na mizizi yake, kumbe mizizi yenyewe hakuwa nayo!

"Umekufa na uongo wako," namwambia. Sijawahi kulitamka hilo neno, umekufa, na yeye yuko mbele yangu. Hakasiriki. Anapangusa mikono kwenye kanga, ananishika bega, na tuko ukumbini. Madawati, karatasi, msimamizi asiye na uso. Karatasi yangu ina maneno mawili tu: *Hata ukikosa*. Mbele yake ni nyeupe. Nataka kuinuka nikimbie. Ule mkono unanikandamiza bega, unanuka dagaa.

"Mpaka nukta," Tatu anasema sikioni mwangu. Sikumwona tena.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Shangazi alikuwa anapasha chai, na sketi nyeusi ilikuwa kwenye msumari wake, safi. Nilibaki na hasira kidogo, na sikujua nimpelekee nani. Nikawasha simu, nikampigia mama.

"Jana ulinikatia," akasema.

"Malizia, mama."

"Nimalizie nini?"

"Ulisema hata ukikosa."

Nikauma ulimi, nikasubiri.

"Nilikuwa nasema hata ukikosa, kile chumba chako kipo. Wapangaji wanakuja, nawaambia kina mwenyewe. Basi, ni hilo tu." Kisha akaniuliza: "Umekula?"

Nikamwambia bado, nikavuta kiti mezani kwa shangazi.