Mwenye Alishika Muguu ya Nyuma

Kama ulikuja kwa kucheka, nenda sasa. Sina wakati ya mutu mwenye atasikiliza nusu, kisha aende kutangaza mu kartie, kwa majirani, kwamba binti ya fulani anaona mapepo. Hii kitu niliiona na macho yangu, saa kenda ya muchana, nikiwa nimeshika basani ya damu mu mikono. Sikuota, sikuwa mugonjwa. Nakuambia namna papa yangu alipoteza muguu yake ya kuume. Watu ya Nyakasanza, hapa kwetu Bunia, wanafikiri ni vita njo ilimukata, na yeye anawaacha wafikiri vile.

Siye tulikuwa na ferme, shamba ya ngombe, kule mu milima, upande ya Kpandroma. Kila vakanse kubwa, masomo ikifungwa, papa alitupakiza juu ya kamio, lori ya viazi, tunapanda mpaka kwa Tate, mama yake. Baridi ya kule usiniulize. Tulivaa triko mbili mbili, tulikunywa maziwa ya moto mpaka tumbo inauma, na tulikuwa tunaserereka ku majani juu ya vipande ya bidon ya plastiki, mama analalamika juu ya nguo. Nilipenda ile fasi kuliko nyumba yetu ya Bunia. Mpaka leo nikisikia harufu ya ngombe ninataka kulia, na siyo kwa huzuni tu.

Kila vakanse papa alichinja ngombe dume moja. Na kwetu kuchinja iko na sheria yake. Mwenye anashika muguu wakati ngombe inaangushwa, anakatiwa nyama ku ile muguu aliishika, na anapewa kabla mwenye ngombe hajaweka chungu ku moto. Hata kama ni mupita njia, hata kama humujui jina. Tate alikuwa mukali sana ku ile jambo.

Ile mwaka nilikuwa nimemaliza masomo ya primere. Dume ilikuwa nyeusi, kubwa, na kichwa ngumu. Papa alishika kisu, wandugu yake wawili wakashika miguu ya mbele, muchungaji ya Tate akashika moja ya nyuma. Muguu ya nne ilibaki bila mutu, jirani mwenye alizoea kuja alikuwa na malaria. Na ukungu ilikuwa imeshuka, ile ya kunyoosha mukono na kukosa kuona vidole. Papa akaita mule ndani ya ukungu, mwenye anapita akuje kusaidia. Kule watu wanaita vile, siyo ajabu.

Mutu akakuja. Hakusalimia. Alivaa kabuti ya zamani, miguu wazi, kichwa chini. Akainama, akashika muguu ya nyuma, na ile dume yenye ilikuwa imewatupa watu watatu ikatulia kabisa. Papa alikuwa na kazi yake ku shingo, hakumuangalia. Mimi njo nilikuwa karibu, nakinga damu. Nikaona muguu ya ule mutu. Mufupa ya chini ya goti ilikuwa imevunjika na imetoka inje, kavu, bila hata tone ya damu, na udongo imeshikamana pale. Nilijiuliza anasimama namna gani. Lakini mutoto ya kike, mbele ya wakubwa wenye kuchinja, atasema nini? Niliendelea kukinga damu, na ninajilaumu mpaka leo.

Walichuna ngozi, papa akaanza kugawa. Ndugu yake wa kwanza akapata, wa pili akapata, muchungaji akapata. Kisha ule mutu akanyoosha mukono, na papa akamuangalia usoni mara ya kwanza. Niamini, sijaona tena mutu mukubwa anabadilika vile. Akasema hapa hakuna kitu yako.

Tate akatoka jikoni na kuni mu mikono. Alipomuona ule mutu, kuni zikaanguka.

"Mupe," akasema pole pole. "Mwana wangu, mupe yake iishe."

"Simupe."

"Nilishika muguu," ule mutu akasema. Hakusema kwa kasirani. Alisema tu.

Papa akakamata mupini ya shoka, akamupiga ku muguu. Nikasikia mufupa inapasuka. Ule mutu hakutikisika. Mwenye alilia ni papa. Unanisikia? Alimupiga mutu mwingine, na muguu yake mwenyewe njo ilivunjika, suruali ikajaa damu mbele ya macho yetu. Akapiga tena, fasi ileile, na akalia tena. Wandugu yake wakamurukia, akawatupa chini. Sijui ilikuwa hasira ao woga, lakini hakuweza kuacha. Mama alipiga magoti mu damu ya ngombe anamuomba aache.

"Ile siku ulipiga mara saba," ule mutu akamuambia. "Malizia."

Na alimalizia. Nilihesabu. Mara ya saba papa akaanguka juu ya ngozi ya dume, na mufupa yake ilikuwa imetoka inje chini ya goti. Ule mutu akashusha mukono, akageuka, akarudi mu ukungu bila kuchukua nyama. Ile nyama hakuna mutu aliikula, hata imbwa zilikataa.

Walimubeba papa ku kipoyi, kitanda ya miti, mpaka ku barabara, na mu Bunia madaktari wakakata muguu juu ya goti. Wakati waliuliza, wandugu yake walisema ni dume ilimukanyaga. Kisha vita ikapanda mu milima, ferme ikachomwa, Tate akakimbilia kwetu. Wakimbizi walikuwa mingi, na mutu mwenye muguu moja hakuna tena mwenye alimuuliza kitu.

Ni Tate njo alinifungulia ile siri, wiki ya mwisho ya maisha yake. Ule mutu aliitwa Faustini. Alikuwa muchungaji yetu, kabla nizaliwe. Siku moja kulikuwa karamu, akashika muguu kama kila mara. Papa alikuwa kijana, ametoka masomo ya Bunia na kiburi yake, akasema mufanyakazi hapewi nyama ya mwenye kushika. Faustini akajikatia yake. Papa akamuita mwizi, akamupiga na mupini mara saba, na wakamuacha mu zizi na ile baridi. Asubui alikuwa amekufa. Wakamuzika kimya kimya mu shamba, wakamuambia muke yake kwamba ameenda kuchimba dahabu Mongbwalu.

"Hata miye nilidanganya," Tate akaniambia. "Na ile nyama nilikula."

Sasa sikiliza hii. Ule bibi, Mama Dorika, naye alikimbia vita. Anauza makala ya kupikia hapa hapa Nyakasanza, avenyu tatu kutoka kwetu. Kila akipita, akiona papa mu kiti yake ku mulango, anamuambia pole papa, hii vita imetumaliza siye wote. Na papa anajibu aksanti mama. Miaka yote! Nilikuwa ninaingia ndani niume meno.

Mwezi uliopita nilishindwa. Nilienda kwake, nikasema yote. Hakulia. Aliniuliza kitu moja tu.

"Alizikwa fasi gani?"

Sikujua. Tate hakunionyesha, na mwenye alibaki kujua ni papa. Tangu ile siku Mama Dorika anakuja kila asubui, anaweka kiti yake mbele ya papa, anauliza mara moja, kisha anakaa mpaka saa sita. Papa anaangalia chini. Mama yangu anasema nimeleta haya mu nyumba. Haya ilikuwa mule kabla nizaliwe, mimi nimeifungulia mulango tu.

Siku ya nne ya hii wiki papa aliniita nimuangalie muguu yenye ilibaki. Ku kifundo kulikuwa alama ya vidole tano, nyeusi, na ngozi ya pale baridi sana. Nikamuambia, Papa, sema ile fasi. Akajifunika na blanketi.

Weye mwenye unanisikiliza, kama kuna mutu ulimunyima ya kwake, ao ulimupiga fasi hakuna mwenye aliona, usijidanganye eti ulimuzika. Nenda useme leo, na useme kwa watu yake. Papa yangu bado hajasema, na asubui hii alama zimefika ku goti.