Mtumbwi Uliovuka Kimya

Siku hizi wimbo ule wa wavushaji unapigwa harusini, kwa kinanda na vipaza sauti. Kuna mahali waimbaji hufunga midomo, ngoma ikagonga peke yake, ko, ko, ko, kisha wakaendelea. Vijana hudhani ni madoido. Madoido! Mimi nikifika pale moyo hunipasuka.

Ilikuwa wakati wa vita vya shifta, hapa Garissa. Wanajeshi walipiga kambi juu ya kivuko chetu cha Tana, na machoni mwao kila kilichopita majini kilikuwa shifta, mwasi mwenye bunduki. Mume wangu na mdogo wake walikuwa wavushaji. Mkubwa wa kambi akatoa amri: mtumbwi ukivuka, uimbe ng'ambo hadi ng'ambo, ijulikane ni wavushaji. Usioimba utapigwa risasi. Wavushaji wenyewe hawakujali, kwani tangu zamani walivuka wakiimba. Wa mbele mwenye upondo hutoa, "Mto, nipishe!" Wa nyuma mwenye kafi huitikia, "Pita, mwanangu, pita!"

Lakini mtumbwi uliobeba maiti hauimbwi. Hakuna afunguaye mdomo mpaka marehemu aguse nchi kavu. Hilo mkubwa wa kambi hakuliuliza, na sisi, wajinga sisi, hatukumwambia.

Mama mkwe wangu akafa kwa homa, shambani ng'ambo. Wanawe wakaenda asubuhi kumchukua tumzike kwetu. Wakati wa kwenda waliimba, maana mtumbwi ulikuwa mtupu. Msiba ulikuwa umetutoa akili sote. Nilikuwa nachota maji ya kuoshea maiti ndipo nikakumbuka ile amri. Nikatupa ndoo, nikakimbia.

Nilipofika kivukoni walikuwa wameshatoka ng'ambo. Kimya. Mto ulikuwa umefura, maji mekundu, na askari kijana, mtu wa bara, ameshaweka bunduki begani.

"Afande, wamebeba maiti! Ni mama yao!"

"Rudi nyuma, mama. Maiti ama bunduki, mimi nitajuaje? Waimbe."

"Hawawezi! Kwetu ni haramu!"

"Amri ni amri."

Alitazama mtoni, akageuka kutazama kambini, akarudi mtoni. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu mwoga hupiga haraka.

Nikapunga mtandio, nikamlilia mume wangu aimbe, walau neno moja. Wapi! Namjua yule bwana. Alisimama na upondo wake, midomo imefungwa, akinitazama tu. Nilimpenda na nilitaka kumzaba kofi.

Jirani yangu Msomali, aliyekuwa akiuza maziwa pale, akanishika bega. "Imba wewe, abaayo, dada yangu! Huyu hasikii lugha nyingine."

Mimi? Mwanamke atoe wimbo wa mtumbwi? Mama mkwe huyo huyo alikuwa akinisikia nikiuvumisha jikoni hunirushia upawa. "Unataka kunizamishia wanangu?"

Nikafungua kinywa. "Mto, nipishe!" Sauti ilitoka imekwaruza.

"Si wewe, mama," askari akasema. "Mtumbwi ndio uimbe."

Nikatoa tena. Hakuna aliyeitikia. Nikasikia bunduki ikikokiwa, kwacha! Mungu wangu, nikaona eda ikinijia mchana kweupe. Nikatoa mara ya tatu, kwa nguvu zangu zote.

Ndipo shemeji yangu, kule nyuma, akainua kafi akagonga ubavu wa mtumbwi. Ko, ko, ko. Pale pale pa kuitikia. Mdomo hakuufungua. Nikatoa, kafi likajibu. Nikatoa, kafi likajibu. Askari alisikiliza, jasho likimchuruzika, kisha akashusha bunduki na kuketi mchangani.

Mtumbwi ukafika. Hawakusema neno mpaka walipomtoa mama na kumlaza chini, juu ya mkeka. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikingoja kutukanwa mbele za watu.

"Huyu angekusikia," mume wangu akasema, "angekuchapa."

"Najua."

Akapiga magoti kando ya mama yake. Machozi yakaanza kumtoka. "Utoe tena," akaniambia.

Nikautoa. Na sasa kwa kuwa tulikuwa nchi kavu, akaitikia kwa sauti yake mwenyewe: "Pita, mama, pita."